Rangi ya matumbawe tangini: Tiba iko majini, si kwenye chupa ya dawa

TUMBAWE linaponunuliwa likiwa na ncha za zambarau na mwili wa kijani kinachong'aa, kisha likageuka kahawia kama majani makavu ya chai baada ya wiki tatu, mwenye tangi huwa na swali moja tu: Ni dawa gani itakayoirejesha rangi hiyo?

Swali hilo ndilo chanzo cha hasara nyingi miongoni mwa watu wanaofuga matumbawe nyumbani, shughuli iliyoshika mizizi Marekani, Ulaya na Japani. Chupa hununuliwa, matone humiminwa, na tumbawe lililochukua miaka kukua hufa katika muda wa siku chache.

Ukweli ni kwamba rangi ya tumbawe haipakwi kutoka nje. Hutokana na jinsi kiumbe huyo anavyokula, anavyopata mwanga na anavyojenga mwili wake. Karibu yote hayo hupitia kwenye maji. Kwa hivyo, anayetaka rangi hana budi kwanza kujifunza kuyasoma maji.

MNYAMA MWENYE SHAMBA NDANI YAKE

Ingawa wengi hudhani tumbawe ni jiwe au mmea, kwa hakika ni mnyama. Kila tawi limefunikwa na viumbe wadogo waitwao polipu, kila mmoja akiwa na mdomo, tumbo na minyiri ya kunasia chakula. Chini yao hujengeka mifupa ya chokaa, ambayo ndiyo hubaki kama mwamba wanyama hao wanapokufa.

Ndani ya nyama ya polipu huishi mwani wa chembe moja, mdogo kiasi kwamba hauonekani kwa macho matupu. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humwendea mnyama anayeuhifadhi. Penye mwanga wa kutosha, tumbawe laweza kupata hadi asilimia 90 ya nishati yake kwa njia hiyo. Mnyama naye huulipa mwani kwa kuupa makao na uchafu wa mwili wake, ambao kwa mwani ni mbolea.

Rangi asilia ya mwani huo ni kahawia au dhahabu. Rangi za kijani, nyekundu, buluu na zambarau ambazo wafugaji huzitafuta kwa udi na uvumba hazitokani na mwani. Ni protini zinazotengenezwa na mnyama mwenyewe.

Protini hizo ni za ukoo mmoja na ile ya kijani ambayo mwanasayansi Mjapani, Osamu Shimomura, na wenzake waliieleza mwaka wa 1962 baada ya kuipata katika konyeza, yule mnyama laini wa baharini anayewasha. Mnamo 2008, Shimomura alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi hiyo pamoja na Wamarekani Martin Chalfie na Roger Tsien. Awali, mwaka wa 1999, watafiti walikuwa wameonyesha kwamba protini za namna hiyo zimo pia katika jamii ya matumbawe.

Kwa tumbawe, baadhi ya protini hizo si mapambo bali ni mwavuli. Hupunguza makali ya mwanga kabla haujaufikia mwani ulio ndani.

RANGI INAPODANGANYA

Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya maji yaliyopoteza uwiano ni tumbawe kubadilika rangi. Tatizo ni kwamba dalili hiyo husomwa visivyo mara nyingi.

Tumbawe likigeuka kahawia, kwa kawaida maana yake ni kwamba mwani umeongezeka na kuzifunika rangi za mnyama. Hali hiyo hutokea mbolea inapozidi majini au mwanga unapopungua. Tumbawe la kahawia halivutii, lakini mara nyingi halina ugonjwa wowote. Huishi, hula na hukua.

Tumbawe likififia hadi rangi zake zikawa kama za nguo iliyofuliwa mara nyingi, huenda lina njaa, yaani mbolea imepungua mno na mwani umedhoofika. Likigeuka jeupe kabisa, mwani umeondoka na kinachoonekana ni mifupa kupitia nyama iliyobaki angavu. Hata hapo halijafa, ila siku zake zinahesabika iwapo chanzo hakitaondolewa.

Dalili ya nne ndiyo huwapotosha wengi zaidi. Mwaka wa 2020, watafiti walioongozwa na maabara ya matumbawe ya Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walieleza kwa nini baadhi ya matumbawe hung'aa kwa rangi kali kuliko kawaida wakati yanapopoteza mwani wake.

Mwani unapopungua, mwanga wa buluu huingia kwa wingi ndani ya nyama na kurudishwa tena na mifupa myeupe. Mwanga huo ndio humwamuru mnyama atengeneze protini za rangi kwa wingi. Protini hizo nazo hutia kivuli, na kivuli hicho husaidia mwani kurejea. Kwa maneno mengine, mng'ao huo ni mnyama anayejitibu.

Funzo kwa mfugaji ni kwamba rangi nyangavu pekee si cheti cha afya. Matumbawe yanayong'aa lakini hayakui, au yaliyofifia upande mmoja na kuwaka upande mwingine, yanastahili kupimiwa maji siku hiyo hiyo.

VIPIMO VYA BAHARI

Bahari yenyewe ndiyo kigezo. Maji ya bahari ya kawaida yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji. Katika kila lita mna kalsiamu ipatayo miligramu 410 hadi 420, magnesiamu ipatayo miligramu 1,300 na potasiamu karibu miligramu 400. Kipimo cha pH huwa karibu na 8.1, na joto linaloyafaa matumbawe mengi ya nchi za tropiki ni kati ya nyuzi 25 na 27 za selsiasi.

Mfugaji hufika huko kwa kuyeyusha chumvi maalumu ya bahari katika maji safi. Hapo ndipo kosa la kwanza hutokea. Maji ya mfereji huwa na klorini na huenda yakawa pia na naitreti, fosfeti na madini kama shaba, ambayo ni sumu kwa wanyama wasio na uti wa mgongo hata ikiwa kidogo. Mtu anayechanganya chumvi ya bei ghali na maji ya mfereji moja kwa moja huwa amelitia tangi kasoro kabla ya kuweka kiumbe chochote. Wafugaji makini hutumia maji yaliyosukumwa kupitia utando mwembamba unaobakisha nyuma takriban kila kitu isipokuwa maji yenyewe.

Maji yanapopungua kwa kuwa mvuke, chumvi hubaki. Kwa hivyo pengo hujazwa kwa maji safi yasiyo na chumvi, kidogo kidogo kila siku. Anayejaza kwa maji ya chumvi huongeza ukali wa maji pasipo kujua.

HESABU YA ALKALI

Kati ya vipimo vyote, kimoja hustahili kuangaliwa mara nyingi kuliko vingine: alkali. Hii ni akiba ya bikaboneti na kaboneti inayoyawezesha maji kustahimili asidi, na ndiyo malighafi ambayo tumbawe huunganisha na kalsiamu kujenga mifupa. Hupimwa kwa digrii zijulikanazo kama dKH. Bahari huwa na digrii 7 hivi, na matangi mengi huendeshwa kati ya 7 na 9.

Sababu ya kuipa alkali uzito huo ni ya hesabu tu. Tumbawe linapotumia digrii 2.8 za alkali, hutumia pia miligramu 20 za kalsiamu katika kila lita. Uwiano huo haubadiliki kwa sababu mifupa ya matumbawe ni kaboneti ya kalsiamu.

Chukua mfano wa tangi la lita 200 lililojaa matumbawe magumu ambalo hupoteza digrii 1.4 kwa siku. Ikiwa lilianza na digrii 7, limepoteza asilimia 20 ya akiba yake ya alkali. Siku hiyo hiyo kalsiamu imeshuka kwa miligramu 10 tu kwa lita, yaani kutoka 410 hadi 400, tofauti ambayo vifaa vingi vya nyumbani haviwezi kuionyesha kwa uhakika. Mfugaji anayepima kalsiamu peke yake ataamini mambo ni shwari ilhali akiba inakwisha.

Katika siku hiyo moja, matumbawe ya tangi hilo yamejenga takriban gramu tano za mifupa. Hicho ndicho kiasi ambacho mfugaji hana budi kukirudisha.

Njia rahisi ya kurudisha alkali ni sodiamu bikaboneti, unga mweupe ule ule unaotumiwa kuumulia keki. Kwa mfano uliotolewa, gramu 8.4 zilizoyeyushwa kwanza katika maji safi zatosha. Unga huo usichanganywe na magadi ghafi yatokayo Ziwa Magadi, ambayo huwa na floraidi na uchafu mwingine. Kalsiamu hurudishwa kwa kloridi ya kalsiamu. Viwili hivyo havimiminwi pamoja mahali pamoja, kwa kuwa hugandana na kuwa unga usiolifaa tumbawe.

Njia nyingine ni ya chokaa. Kwa karne nyingi, wajenzi wa Pwani walichoma matumbawe kupata chokaa, na ndiyo iliyoshikilia kuta za Gedi na nyumba za kale za Lamu. Matangini safari hugeuzwa: chokaa safi iliyokwisha kuzimuliwa huyeyushwa na kurudi kuwa tumbawe. Mfugaji Peter Wilkens aliieneza njia hiyo barani Ulaya katika miaka ya 1970.

Faida ya maji ya chokaa ni kwamba huleta kalsiamu na alkali kwa uwiano ule ule ambao tumbawe huvitumia. Hatari yake ni ukali, kwani pH ya maji hayo hupita 12. Ndiyo maana hudondoshwa tone baada ya tone, hasa usiku ambapo pH ya tangi huwa chini, na mwenye kuyatayarisha hukinga macho na mikono yake.

Magnesiamu nayo haitumiki kwa wingi, lakini ikipungua sana, kalsiamu na alkali huanza kugandana zenyewe juu ya pampu na vioo badala ya kulifikia tumbawe. Anayeshindwa kupandisha vipimo hivyo viwili kila anapojaribu hufanya vyema kupima magnesiamu kwanza.

MBOLEA: ISIZIDI, ISIKOSEKANE

Kwa miaka mingi ilishauriwa kwamba naitreti na fosfeti zifukuzwe tangini hadi zisionekane kwenye kipimo. Mantiki ilikuwa kwamba miamba ya baharini husitawi katika maji yenye virutubishi haba mno. Kilichosahaulika ni kwamba maji ya baharini hupita bila kukoma yakiwa na vijidudu vya kuliwa, ilhali tangi ni sanduku lililofungwa.

Mnamo 2013, watafiti wa Southampton wakiongozwa na Jörg Wiedenmann walichapisha matokeo yaliyobadili fikra hizo. Walionyesha kwamba naitreti ikiwa nyingi huku fosfeti ikikosekana, mwani hukua ukiwa na upungufu na tumbawe hushindwa kustahimili joto na mwanga. Tatizo halikuwa wingi wa mbolea pekee, bali kuvurugika kwa uwiano.

Siku hizi wafugaji wengi hulenga naitreti kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita, na fosfeti kati ya miligramu 0.03 na 0.1. Zikizidi sana, mwani huongezeka, tumbawe hugeuka kahawia, na fosfeti huzuia mifupa kujengeka ipasavyo. Zikifika sufuri, tumbawe hufifia. Wengi wameshuhudia pia ncha za matawi zikiungua pale alkali inapopandishwa juu katika maji yasiyo na virutubishi, kwa kuwa tumbawe huharakishwa kujenga mifupa ilhali halina chakula cha kujengea nyama.

Naitreti na fosfeti huingia tangini kupitia chakula cha samaki. Bakteria walioko kwenye mawe hugeuza amonia kuwa naitriti kisha naitreti, kazi ambayo huwachukua wiki kadhaa kuizoea katika tangi jipya. Ndiyo sababu tumbawe halitiwi katika tangi lililojazwa maji jana. Vilevile, kupunguza chakula kinachobaki sakafuni, kubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara na kutumia mtambo wa povu unaonasa uchafu kabla haujaoza hufaa kuliko dawa za kunyonya fosfeti kwa ghafla.

MWANGA NA HEWA

Maji yakishakaa sawa, mwanga hufuata. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008 ulionyesha kwamba mwanga wa buluu ndio unaochochea kutengenezwa kwa protini nyingi za rangi. Taa za kisasa za LED zimerahisisha kupata mwanga huo, lakini pia zimezua mtego. Chini ya buluu tupu, protini hizo huumeza mwanga na kuutoa ukiwa kijani au mwekundu, hata tumbawe dhaifu likaonekana la kifahari. Anayetaka kujua hali halisi huliangalia tumbawe chini ya mwanga mweupe.

Tumbawe jipya halifai kuwekwa juu karibu na taa siku ya kwanza. Huanzishwa chini au kwa mwanga uliopunguzwa, kisha huongezewa kwa muda wa wiki kadhaa.

Hewa ya chumbani pia ina sehemu yake. Katika nyumba iliyofungwa madirisha, gesi ya kaboni dayoksaidi itokayo kwa watu na majiko huingia majini na kushusha pH. Mfugaji anayeona pH ya chini ilhali alkali ni ya kawaida asikimbilie kemikali. Mara nyingi kufungua dirisha hutosha.

HARAKA HAINA BARAKA

Jambo linaloua matumbawe mengi si kipimo kibaya bali ni marekebisho ya ghafla. Tumbawe lililozoea alkali ya digrii 7 huishi vizuri. Lililozoea 9 pia huishi. Linalopelekwa kutoka 7 hadi 9 kwa usiku mmoja ndilo huchunika nyama na kufa.

Utaratibu unaofaa ni huu: chumvi na joto hupimwa kwanza, kisha alkali, kisha kalsiamu na magnesiamu, na mwisho naitreti na fosfeti. Matokeo huandikwa daftarini pamoja na tarehe. Alkali haipandishwi kwa zaidi ya digrii moja kwa siku. Kinachobadilishwa ni kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha husubiriwa wiki mbili au tatu kabla ya kubadilisha kingine.

Muda huo si wa kubahatisha. Mwani huhitaji siku nyingi kupungua au kuongezeka ndani ya nyama, na protini za rangi pia hazijengwi kwa saa chache. Mwenye pupa hubadilisha mambo matano kwa juma moja, na tumbawe likipona au likifa, hajui ni lipi lililosababisha.

Iodini, chuma na madini mengine yanayouzwa kwa matone huhitajika kwa viwango vidogo mno. Ubadilishaji wa maji huyarudisha katika matangi mengi, na kutia kitu ambacho mfugaji hana njia ya kukipima ni kucheza kamari.

KUTOKA SEBULENI HADI BAHARINI

Kwa Kenya, suala hili lina uzito wa pekee. Taifa hili huuza ng'ambo samaki wa mapambo kutoka Pwani, na hifadhi zake za baharini za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka wa 1968. Matumbawe yote magumu yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, kwa hivyo hayavushwi mpaka pasipo kibali, na kuyang'oa katika hifadhi za baharini ni marufuku. Mfugaji mwadilifu hununua vipande vilivyokuzwa kutoka kwa matumbawe ya matangini, ambavyo pia huwa vimekwisha kuzoea maisha hayo.

Kanuni zinazotawala lita 200 sebuleni ndizo zinazotawala Bahari Hindi. Mwanzoni mwa mwaka wa 1998, joto lililoletwa na El Nino liliyageuza meupe matumbawe ya Kenya na sehemu kubwa yakafa. Mnamo Aprili 2024, wanasayansi walitangaza kwamba dunia ilikuwa katika tukio la nne la namna hiyo kuenea kote ulimwenguni. Aidha, gesi ile ile ya kaboni dayoksaidi inayoshusha pH ya tangi katika chumba kilichofungwa imeishusha ile ya bahari kutoka takriban 8.2 kabla ya enzi za viwanda hadi 8.1.

Hata hivyo, ujuzi uliopatikana matangini umeanza kurudishwa baharini. Mwaka wa 2017, watafiti wa Horniman Museum jijini London walichapisha maelezo ya jinsi walivyoyafanya matumbawe yatage mayai ndani ya matangi kwa kuiga joto, urefu wa mchana na mbalamwezi ya kwao asilia. Miaka miwili baadaye, kwa ushirikiano na watafiti hao, The Florida Aquarium ya Marekani ilifanikiwa kulitagisha tumbawe la Bahari Atlantiki lililo hatarini kuangamia.

Mafanikio hayo yalitokana na vipimo vilivyochukuliwa siku baada ya siku na maji yaliyowekwa katika hali moja kwa miezi mingi. Mfugaji wa nyumbani aweza kuanza na kazi hiyo hiyo kwa kupima alkali jioni ya leo, kuiandika, na kuipima tena kesho saa ile ile. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili itamweleza tumbawe lake linahitaji nini kabla hajatumia hata shilingi moja kununua dawa.